Kisu Alichopewa Gidi

Jiwe la kunolea likiloa lina harufu yake. Si ya udongo wa mvua, wala si ya chuma peke yake. Iko katikati, kama ladha unayoipata ulimi ukigusa kidonda mdomoni. Wiki iliyopita nilikuwa nashuka Kingsbury Road kutoka kazini, nikapita mbele ya duka la mboga la Wagujarati, na kando ya masanduku ya bamia alikuwa ameketi mtu na meza yake ndogo, ananolea watu visu. Harufu ilinifikia kabla sijamwona. Nikasimama. Akanitazama, akadhani nina kisu cha kumpa. Nilitikisa kichwa, nikaenda zangu kituo cha basi, na mpaka nafika nyumbani ile harufu ilikuwa bado imo puani. Ndiyo iliyonikalisha hapa niwasimulie ninyi mambo ambayo sijawahi kumsimulia mtu asiye wa kwetu.

Tulikuwa wanne: Baba, Mama, kaka yangu Gideon tuliyemwita Gidi, na mimi Debora, kitinda mimba. Tuliishi Thornton Heath, kusini mwa London, ghorofani juu ya duka la kinyozi, na mchana kutwa mlio wa mashine za kunyolea ulipanda kwenye sakafu mpaka kwenye nyayo zetu. Baba na Mama walitoka Singida. Gidi alikuja akiwa bado anabebwa mgongoni. Mimi nilizaliwa hapa hapa. Mama alihudumia wazee majumbani mwao, akiwaogesha na kuwalisha, na Baba alikuwa mpishi katika mkahawa wa Kijapani mjini kati.

Huko alianza kwa kuosha vyombo. Mkuu wa jiko alikuwa Mjapani mmoja mfupi, mkali, Mzee Sato, ambaye kwa mwaka mzima hakumsemesha Baba neno ila kumwonyesha sufuria kwa kidevu. Lakini alikuwa akimtazama. Aliona kwamba katika rundo lote la vyombo vichafu Baba alichambua visu kwanza, akaviosha, akavikausha, ndipo akageukia sahani. Siku moja akamwita kwenye meza ya samaki, akampa kisu, akasema, "Kata." Ndivyo Baba alivyokuwa mpishi. Na Mzee Sato alipozeeka, akaamua kurudi kwao moja kwa moja, alimwachia Baba kisu chake mwenyewe.

Kilikuwa kisu cha kukatia samaki mbichi, kirefu kupita mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, chembamba, kimechongoka kama jani la muwa. Kilifuliwa kwa mkono na mhunzi wa huko Japani, na jina la mhunzi lilichongwa karibu na mpini kwa maandishi yao. Baba alidai anajua kulisoma. Sote tulijua hajui, kwa sababu kila alipowasomea wageni lilitoka tofauti.

Kisu hicho kilikuwa na masharti mengi kuliko mgonjwa wa sukari. Kikimaliza kazi kioshwe saa ile ile, kwa mkono, kwa maji ya vuguvugu. Kikaushwe mpaka shingoni pa mpini, maana maji yakijificha pale mbao huoza ndani kwa ndani. Kisilale kwenye sinki. Kisiguse mfupa, wala nyama iliyoganda, wala sahani. Kazi yake ni juu ya ubao tu. Kikikata ndimu au nyanya kifutwe kabla ya kugusa kitu kingine, kwa sababu chuma chake ni cha aina inayokubali makali upesi na kukubali kutu upesi vile vile. Jioni kilipakwa tone la mafuta ya mbegu za kamelia, mti wa jamii ya chai, kikavishwa ala yake ya mbao, kikalazwa juu ya kabati nisikokufikia.

"Kisu gani hiki kinachoogopa ndimu?" Mama alikuwa akiuliza. Yeye alikuwa na kisu chake cha mpini wa plastiki alichokuja nacho kutoka nyumbani, na kilipokuwa butu aligeuza sahani kichwa chini akakisugua kwenye kitako chake, krr, krr, krr. Baba akisikia mlio huo alitoka jikoni kama mtu anayekimbia msiba. Mama alicheka mpaka akashika meza. Tulisema kile kisu ni mtoto wa tatu, na kwamba ndiye aliyependwa zaidi. Tulikuwa tunatania.

Siku ya kunoa ilikuwa Jumapili, baada ya kanisa. Jiwe liliwekwa kwenye beseni la maji mpaka likaacha kutoa mapovu, kisha likatandikwa juu ya kitambaa kibichi lisiteleze. Baba alikuwa mtu wa maneno machache, na hakuwa na desturi ya kushika watoto. Lakini kwenye jiwe alimshika Gidi mkono. Alisimama nyuma yake, akamwekea vidole juu ya bapa la kisu kimoja baada ya kingine, akamsukuma kiwiko mbele na nyuma.

"Usikandamize," alimwambia. "Jiwe ndilo linalokula chuma. Wewe kazi yako ni kushika mwinamo ule ule, usiuache."

Kisu kile kilinolewa upande mmoja, ule wenye mteremko. Tope la kijivu lilipanda juu ya jiwe, na Baba hakutaka lioshwe, alisema ndilo linalong'arisha. Kisha Gidi alipitisha kidole gumba upande wa pili, polepole, kutafuta ukwaruzo mwembamba unaojitokeza pale makali yanapokamilika. Akiupata, upande bapa uligusishwa jiwe kidogo tu kuuondoa. Jaribio lilikuwa nyanya iliyoiva: kisu kinalazwa juu yake, kinavutwa bila kusukumwa, na nyanya inafunguka. Mimi nilikuwa mla nyanya wa majaribio. Gidi, kama watoto wengi wa London, aliongeleshwa Kiswahili akajibu Kiingereza, ila kwenye jiwe alijibu "Ndiyo, Baba," "Nimeelewa, Baba." Nilimwonea wivu, ingawa sikujua namwonea wivu kwa nini hasa, maana kunoa kwenyewe kulinichosha hata kutazama.

Mwaka ambao Gidi alitimiza miaka kumi na saba, chuo cha upishi kilimpa nafasi ya kuanza mwezi wa tisa. Kabla ya hapo, mpishi mmoja rafiki wa Baba alikubali kumjaribu kwa siku moja jikoni kwake, karibu na London Bridge. Ijumaa jioni tulikuwa mezani Baba alipokiteremsha kile kisu kutoka juu ya kabati.

"Mpishi haendi kwenye jiko la watu mikono mitupu," akasema. "Kesho utakwenda na hiki."

Gidi hakuamini. "Kweli, Baba?"

"Kikirudi na pengo utanieleza."

Mama aliweka kijiko chini. "Mtoto na kisu barabarani, Baba Gidi? Mji huu?"

"Mimi nakibeba kila siku. Nani amewahi kuniuliza?"

Na ni kweli hakuna aliyewahi kumwuliza. Baba alikuwa mtu mzima mwenye mvi, viatu vya jikoni na koti la kizee. Gidi alikuwa mrefu, mweusi, na koti lake lilikuwa na kofia. Mama aliitazama ile kofia, akachukua tena kijiko chake. Baba akakivisha kisu ala, akakifunga taulo, akalifunga taulo kwa kamba, akakitia chini kabisa ya begi, juu yake akaweka aproni nyeupe aliyoipiga pasi mwenyewe.

Asubuhi Mama alinituma ndizi za kupika katika duka lililo ng'ambo ya stesheni, kwa hiyo niliondoka pamoja na Gidi. Alikuwa anatembea kwa hatua ndefu, anaimba puani. Tulipofika karibu na stesheni askari wawili, mwanamume na mwanamke, wakamwita. Walisema wanafanya ukaguzi wa kawaida. Wakamwuliza begini mna nini.

Gidi akasema ukweli. "Kuna kisu. Naenda kazini."

Sijawahi kuona mtu akibadilika upesi kama yule askari mwanamume. Alirudi nyuma hatua, akapaza sauti, na kufumba na kufumbua mikono ya Gidi ilikuwa juu ya kioo cha duka. Aproni ikatupwa juu ya kiti cha kusubiria basi. Kamba ikakatwa, taulo likafunguliwa, ala ikavuliwa. Jua la asubuhi ile lilikuwa dogo, lakini kile kisu kililikamata lote. Watu wakasimama. Kijana mmoja akatoa simu yake kupiga picha. Mama mmoja tuliyesali naye kanisani alituona, nilimwona akituona, akavuka barabara.

"Kazini wapi?" askari aliuliza. Gidi akawapa anwani. Wakapiga simu ya ule mkahawa, ikaita mpaka ikakata. Labda walikuwa bado hawajafungua. "Na kisu ni cha nani?"

"Cha baba yangu. Alinipa jana."

"Mpigie baba yako. Weka sauti tusikie sote."

Gidi alipiga. Simu ilipopokelewa tulisikia jiko lote: maji ya bomba, sufuria, mtu akiita kwa mbali. Kisha sauti ya Baba, nyepesi, ya furaha, kwa Kiswahili: "Gidi? Umefika?"

Askari akaichukua simu. Kwa Kiingereza akajitambulisha, akasema anaye hapa kijana mwenye kisu kikubwa, na kijana anadai amepewa na baba yake. "Ni kweli ulimpa?"

Maji ya bomba yaliendelea kutiririka. Nilidhani Baba hakusikia.

"Hapana," Baba akasema. "Mimi sikumpa kisu. Sijui habari za kisu." Na simu ikakatika.

Nilipiga kelele. Nilisema alimpa, jana jioni, mezani, nilikuwepo. Nilisema kwa Kiingereza safi kuliko chote nilichowahi kukisema. Yule askari mwanamke akainama akanishika bega. "Sawa, mpenzi," akasema, "tutakurudisha nyumbani kwa mama." Gidi hakuvutana nao. Aliitazama simu mkononi mwa askari mpaka taa yake ikazimika. Sisi wawili peke yetu pale barabarani tulielewa lile neno "Umefika."

Mama alikwenda kituoni na kandambili miguuni. Alirudi naye jioni, jua likiwa bado halijazama, kwa dhamana. Gidi aliketi kwenye ngazi, hakutaka kuingia. Baba alirudi kwa saa zake za kawaida, akampita pale ngazini, akanawa mikono muda mrefu kuliko kawaida.

"Kisu wamekichukua?" akauliza.

Mama alimgeukia. Sikuwahi kumwona Mama akiwa na uso ule, na sikuuona tena. "Baba Gidi. Muulize mtoto kwanza."

Lakini Baba hakutoka kwenda kwenye ngazi. Aliketi, akafunika macho kwa viganja. Makaratasi yetu ya ukaazi wa kudumu, alisema, yako mezani kwa watu wa uhamiaji, na kibali chake kimefungwa kwenye kazi yake. Watu wa kanisani walishamwambia kwamba familia yenye kesi ya polisi hupandishwa ndege. Ningefanyaje, akasema. Ningefanyaje, Mama Gidi. Mlango wa ngazini ulikuwa wazi.

"Kesho utakwenda useme kweli," Mama akasema.

Alikwenda. Sitaki mfikiri hakwenda. Alivaa suti ya kanisani akawaambia kisu ni chake na yeye ndiye aliyempa. Wakamjibu kwamba sasa wana maneno mawili ya mtu mmoja, na kwamba baba yeyote angesema hivyo kumwokoa mwanawe. Kesi ikaburutwa mpaka majira ya baridi. Chuo kilisema Gidi asubiri kwanza iishe, na muhula ukaanza bila yeye. Yule rafiki wa Baba hakupiga simu tena. Kisha siku moja kesi ikafutwa, bila maelezo, kama mtu anayefuta meza.

Kisu kilirudishwa ndani ya bomba la plastiki, lile ambalo polisi huhifadhia visu vya ushahidi. Nani ajuaye kilishikwa na mikono mingapi yenye jasho, na hakuna aliyekifuta. Kutu ilikuwa imekishika kuanzia ncha mpaka kwenye jina la mhunzi, mabaka mekundu kama ugonjwa wa ngozi. Baba alikikalia Jumapili baada ya Jumapili. Aliisugua kutu kwa kizibo alichochovya kwenye tope la jiwe, kwa mkono mwepesi, akifuata urefu wa chuma asikikwaruze. Alikiinamia kama anayemtoa mtoto kibanzi jichoni. Mimi nilikaa mezani, na hakuna aliyenipa nyanya.

Jumapili moja kisu kilipokuwa karibu kupona akaita, "Gidi! Njoo unishikie huku."

Gidi alisimama mlangoni. Kisha akasema kwa Kiswahili, sentensi nzima, yeye ambaye hakuwa na desturi hiyo, na nadhani aliichagua lugha hiyo ili Baba asije akasema hakuelewa. "Hukunipa kisu, Baba. Si ulisema mwenyewe?"

Baba aliendelea kusugua mahali pale pale palipokwisha kuwa safi.

Makaratasi yalitoka majira ya kuchipua. Mama alipika pilau, Baba akalia mbele ya wageni. Gidi alipokea yake, akayatia mfukoni, akasema asante. Kabla kiangazi hakijaisha alihamia Leeds. Aliingia kwenye maghala, baadaye akajifunza kuendesha malori. Hapiki. Nilipomtembelea mara ya kwanza nilikuta jikoni mwake mna mkasi. Nyama alikuwa anaikata kwa mkasi.

Kwa miaka nilimchukia Baba kwa namna ya mtoto, yaani nilimchukia asubuhi na kumpenda jioni. Nilipokuwa mtu mzima nikamwuliza. Tulikuwa tunaosha vyombo, Mama amelala. Mikono yake ilikuwa imeshaanza kutetemeka, na alikuwa hafanyi kazi tena.

"Niliwahesabu," alisema, bila kuuliza ninazungumzia nini. "Simu iko sikioni, nikawahesabu. Nikaona nikisema ndiyo, tunaondoka wote. Nikisema hapana, anaumia mmoja, na huyo ni mwanamume, atapona." Akakausha sahani. "Makaratasi yalitoka, Debora. Wewe umesoma. Yalitoka."

Nilimsamehe siku ile, au nilidhani nimemsamehe. Nilijiambia nimeielewa hofu yake, kwamba alitupa kipande kimoja ili kiokoke kikubwa. Ilikuwa hesabu mbaya lakini niliiona ni hesabu.

Kisha kazini kwangu akaja mwenzangu aliyesomea sheria. Siku moja wakati wa chakula, kwa sababu ya habari fulani redioni, nikamsimulia kisa hiki kana kwamba ni cha familia nyingine. Alinisikiliza huku anakula, akashangaa. Sheria, alisema, inamruhusu mtu kubeba kisu cha kazi akiwa safarini kwenda kazini. Kimefungwa, kiko chini ya begi, na aproni juu yake? Yule baba angesema ndiyo, angeeleza, yumkini wangemwachia kijana pale pale akawahi treni yake. Na makaratasi? Akacheka kidogo, si kwa ubaya. Mtu hafukuzwi nchini kwa sababu mtoto wake amesimamishwa na polisi.

Nilitoka nikasimama kwenye ngazi za ofisi. Nilimpigia Gidi. Nilimwambia yote kwa haraka, nikilia, kwamba hakukuwa na kitu, kwamba Baba hakuokoa mtu, hakukuwa na mtu wa kuokolewa.

Nilisikia lori lake likipumua.

"Najua, Debs," akasema. "Mwanasheria waliyeniletea kituoni aliniambia siku ile ile."

"Na hukumwambia Baba? Miaka yote hii?"

"Ili afanye nini nayo?"

Kuna siku naona kunyamaza kwake ni huruma kubwa kuliko yoyote niliyowahi kuiona kwa mwanadamu, na kuna siku naona anakiacha kitu kichungu kikae pale pale kilipowekwa, ili kisije kikaoshwa.

Mwaka huu Mama alipotimiza miaka sitini Gidi alikuja. Tuliketi meza moja, sote wanne, na wageni wa kanisani. Mgeni mmoja kijana aliyefika London karibuni alimwuliza Baba walifanikiwaje kukaa. Baba akaweka uma chini. Alisema ni Mungu, na kwamba kila familia inalipa kitu, na kwamba wao pia walilipa, ila walichokinunua kiko hapa, wanakiona, watoto wana nchi. Alisema hivyo akimtazama Gidi, na machoni mwake kulikuwa na kitu ambacho mtu asiyejua angekiita shukrani. Mama aliinamisha kichwa. Mimi nilifungua mdomo. Maneno yote yalikuwa tayari, na ya kweli.

Gidi alinigusa goti chini ya meza. Kisha akachukua sahani ya Baba, ambaye mikono yake haikuweza tena kushika upawa, akamwongezea wali.